Mke wa Stesheni Masta

Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, na Debra aliusema akiwa na kikombe cha chai mkononi, mbele ya watu waliokuwa wamekwisha kumpenda. Hakuna aliyemlazimisha. Hata swali lililouleta liliulizwa kwa utani tu.

Ilikuwa Jumamosi yake ya kwanza kwenye chama cha watengeneza treni ndogo, sebuleni kwa Mzee Ondiek, mtaa wa Kaloleni, Kisumu. Ndiyo, watu wazima, wenye kazi zao na madeni yao, walikuwa wanakutana kila wiki kukata pakiti za maziwa ziwe mabehewa na kunyoosha vyuma vya miavuli viwe reli. Makochi ya Mzee yalikuwa yamehamishiwa chumba cha kulala. Mahali pake palikuwa na meza ndefu ya plaiwudi, na juu yake walikuwa wanajenga ile njia ya zamani ya Kisumu kwenda Butere, stesheni baada ya stesheni, na vichaka vya magugumaji yaliyokaushwa juani. Kipimo chao hakikutoka kitabuni. Njiti moja ya kiberiti ni mtu mzima aliyesimama, na kila kitu kingine, mlango, mti, behewa, kilipimwa kwa njiti hiyo.

Mzee Ondiek alikuwa gadi kwenye njia hiyo miaka ishirini na mbili, mtu wa bendera na filimbi kwenye behewa la nyuma. Griffin, fundi wa simu pale Mamboleo, ndiye aliyetia mota za DVD zilizokufa ndani ya injini. Mwalimu Waliaula alifinyanga watu kwa udongo. Debra kazi yake ilikuwa kuchora ramani za nyumba kwa mjenzi mmoja wa mjini, na Griffin alimleta kwa sababu mkono wake ukikata karatasi haukosei.

Siku hiyo hadithi za Mzee zilikuwa zimefika stesheni ya Luanda, kwa wanawake waliokuwa wakiuza ndizi platifomu.

"Wale wamama walikuwa wezi, mimi nawaambia," alisema Mzee huku akichovya mkate kwenye chai. "Anakuinulia beseni dirishani, juu ndizi za manjano, safi. Unalipa, treni inatoka. Ukifika Yala unafungua gazeti alilokufungia, za chini zimeoza mpaka zinatoa maji. Utamshika wapi?"

Wakacheka. Waliaula alicheka mpaka akavua miwani. Ndipo Griffin akamgeukia Debra. "Si wewe ni wa Luanda? Uliwajua hao?"

Debra alimjua mmoja wao kuliko alivyomjua mtu mwingine yeyote. Alilala mgongoni kwake kabla ya kujua kutembea, na sare zake zote za shule zilitoka kwenye beseni lile. Lakini vicheko vilikuwa bado viko mezani, na mdomo wake ukakimbia mbele yake.

"Baba yangu alikuwa stesheni masta pale," alisema. "Tulikaa kwenye kota za reli. Hatukuchanganyika nao sana."

Angekomea kwa baba, pengine lingepita. Baba wa kweli aliondoka Debra akiwa na miaka miwili, na hakuwahi kufanya kazi ya reli hata siku moja. Lakini hilo la kutochanganyika nao, kwa nini aliliongeza? Hakuna aliyeliomba. Alilisema mwenyewe, na chai aliyoimeza baada yake haikuwa na ladha.

Mzee alifurahi ajabu. "Walikuwa wanahamishwa-hamishwa hao. Baba yako ni yule mrefu au yule mwenye pengo?"

"Mrefu," alisema Debra.

Basi kuanzia siku hiyo akawa binti wa stesheni masta, na kwenye kundi lao la WhatsApp hakuitwa vingine. Asubuhi Griffin angeandika, "Wakuu, nani ana gundi? Yangu imekuwa jiwe." Waliaula angemjibu, "Gundi yako inashika chupa, inakataa behewa. Nenda ukaombewe." Mzee, ambaye hakupenda kuandika, angetuma sauti ya dakika mbili, nusu yake kikohozi, halafu, "Hebu binti wa stesheni masta aamue kesi hii." Debra angeamua, wote wangecheka, na yeye angeweka simu kifudifudi juu ya meza ya kazi.

Walimpa stesheni ya Luanda aijenge yeye, maana ilikuwa ni kwao. Aliijenga vizuri, hilo nakubali. Paa la bati alilipinda kwa karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Alitia benchi, ndoo ya mchanga wa kuzimia moto, hata mfereji uliokuwa mwisho wa platifomu. Waliaula alipomuuliza kama amfinyangie wale wamama wa ndizi, alisema hapana, watajaza nafasi. Kwa hiyo Waliaula akamfinyangia zawadi: stesheni masta mwenye kofia, urefu njiti moja na robo kwa vile alikuwa mrefu, akamsimamisha mlangoni pa ofisi. Debra alisema asante. Kila Jumamosi mtu yule wa udongo alikuwa akimtazama.

Mwezi wa Agosti chama kikatangaza siku ya kuleta jamaa zao waione njia. Debra hakukusudia kumleta yeyote. Lakini mama yake, Nakhungu, alikuwa ameshuka Kisumu kwa ajili ya kliniki ya macho, na Griffin alipopitia kwa Debra kuleta waya akamkuta mlangoni. "Mama, Jumamosi lazima uje," alisema. "Bila wewe treni haitoki." Yule mama alifurahi, akaitika kabla Debra hajafungua mdomo.

Jumamosi asubuhi mama alivaa gauni lake la kanisani. Debra alimtazama akifunga kitambaa mbele ya kioo, na ndipo akalisema lile ambalo mpaka leo hawezi kulikumbuka akiwa amekaa, lazima asimame.

"Mama, wakikuuliza, Baba alikuwa stesheni masta."

Mama hakugeuka. "Wa wapi?"

"Wa Luanda."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mrefu."

Mama akavuta fundo la kitambaa, akalilegeza, akalifunga upya. "Na mimi nilikuwa nafanya nini?"

"Ulikuwa nyumbani tu."

"Sawa," alisema mama, na akauliza kama apake mikono mafuta au hapana, kwa kuwa kutakuwa na watu wengi wa kusalimia.

Mzee Ondiek alimpokea kama mgeni wa harusi. Alimwita Min Debra, yaani Mama Debra kwa Kijaluo chake, akampa kiti cha pekee chenye mto. Chai ikaja na mandazi. Mama alijibu yote aliyoulizwa. Ndiyo, mume wake alikuwa mrefu. Ndiyo, kota zilikuwa na joto wakati wa kiangazi. Alijibu polepole, akimtazama binti yake baada ya kila jibu ili ajue kama amepata. Debra aliona anatazamwa hivyo, na masikio yakamwaka moto.

Kisha mama akaomba miwani yake, akainuka, akainama juu ya stesheni ya Luanda. Alipitisha kidole hewani juu ya platifomu, kutoka ofisini mpaka mferejini, bila kugusa.

"Mmefagia vizuri," alisema. "Haikuwa safi hivi."

"Si binti yako alikataa tuweke wale wauza ndizi," alisema Mzee. "Ndio walikuwa wanachafua. Uliwajua, Min Debra?"

"Niliwaona tu," alisema mama. "Sikuwajua."

Mzee akapata mlango wa hadithi yake, akaisimulia tena, beseni, gazeti, Yala, mpaka maji ya ndizi. Watu wakaangua kicheko. Mama naye alicheka, mkono mdomoni, pale pale palipopasa kucheka. Na Debra, nasema kwa kuwa ni kweli, alicheka pia. Alijisikia akicheka. Hakuna aibu aliyowahi kuionja iliyofika pale, na alitamani mtu ampige kofi ili anyamaze.

"Haya," alisema Mzee. Akatoa kwenye droo bendera ya kijani, ile yake mwenyewe ya kazi, imepauka kwa jua la miaka mingi. "Leo treni ya Butere itaruhusiwa na mke wa stesheni masta. Bila bendera, Griffin hawashi kitu."

Griffin akaweka kidole kwenye swichi. Mama akaipokea bendera kwa mikono miwili. Alikuwa ameiona ikipepea mara ngapi maishani, asubuhi na jioni, akiwa chini na beseni mapajani? Sasa aliishika kama kitu cha mtu mwingine ambacho hakutaka kukichafua. Akamgeukia binti yake.

"Nisimame wapi?" aliuliza.

Aliuliza kwa upole, akitaka tu asikosee. Debra akafungua mdomo amwambie asimame hapo mlangoni pa ofisi, na hakuweza.

"Pale ulipokuwa unaketi, Mama," alisema.

Mama akatikisa kichwa kidogo. "Debra, wacha."

"Hakuna stesheni masta," Debra aliwaambia, akiangalia meza. "Hakuwahi kuwepo. Mama ndiye alikuwa na beseni. Niliona haya siku ile mlipocheka, nikasema uongo, na leo asubuhi nikamfundisha yeye aje awadanganye."

Griffin akatoa kidole kwenye swichi. Waliaula alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Mzee Ondiek alisukuma kikombe chake kando. Yeye pia sasa alikuwa na la kuona haya, na lilionekana mpaka shingoni mwake.

"Min Debra," alisema, "mimi ni mtu wa mdomo. Zile ndizi hazikuwa mbovu."

"Zingine zilikuwa," alisema mama. "Mbovu nilikuwa naziweka chini, kama ulivyosema. Nzuri nilikuwa nabakisha mbili kila siku, za huyu kwenda nazo shule."

Hakulisema hilo kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayeeleza jinsi kazi fulani inavyofanywa. Debra alizikumbuka ndizi hizo, za manjano bila doa, na alikumbuka kwamba hakuwahi kuuliza kwa nini zake zilikuwa nzuri kila siku.

Waliaula akavuta kiberiti mfukoni, akatoa njiti moja, akampa Debra. Mama akaonyesha mahali kwa ncha ya bendera, mwisho wa platifomu, karibu na mfereji. Debra akainama aisimamishe.

"Nilikuwa nimeketi," mama alisema.

Debra akaivunja njiti katikati. Mkono ule usiokosea ulikosea, na mara mbili kipande kilianguka kabla hakijasimama kwenye gundi. Alipomaliza, mama alisogea, akainama, akakikagua kwa miwani yake kutoka upande huu na upande ule. Kisha akamrudishia binti yake bendera.

"Punga wewe," alisema. "Mimi niko kazini."

Debra akaipunga. Griffin akawasha, na treni ikaingia Luanda polepole, na haya bado ilikuwa imemkaa usoni ilipopita mbele ya mama yake.