Sababu Haiulizwi

Mwanamke mmoja alisukuma mlango wa chumba cha wanafunzi wa uzamili, akasimama kizingitini, akasema amekuja kujitoa.

"Kujitoa wapi, mama?" aliuliza binti aliyekuwa peke yake mle ndani.

"Kwenye utafiti wenu wa damu. Mlisema nikitaka kutoka nitoke, na sababu haiulizwi. Tangu asubuhi naulizwa sababu tu. Na wewe utaniuliza?"

Binti alijibu upesi kwamba hatamuuliza, anamwahidi. Ndipo akaelewa alichokiahidi.

Maana tasnifu yake ya maadili ya utafiti wa tiba ilihusu jambo hilohilo: kwa nini watu hujitoa. Alizunguka kliniki moja baada ya nyingine akimtafuta aliyejitoa, asimpate. Watu walitoa damu, wakapewa nauli, wakaenda zao kimya. Sura ya nne ilikuwa kichwa kitupu na weupe chini yake. Msimamizi alishamwambia bila kumung'unya maneno: asipopata hata mtu mmoja wa kuhoji, asahau kuhitimu na wenzake. Sasa mtu mwenyewe huyu hapa.

Akatoka na mama kwenda kumsaidia kujitoa, wakaanza kupigwa danadana. Karani aliwatuma kwa mratibu wa utafiti. Mratibu alimtazama mama kana kwamba amekuja kudai urithi, akauliza anaionea uchungu gani damu ya kijiko kimoja. Binti alipomkumbusha kuwa swali hilo haliruhusiwi, akacheka, akataka kujua ameanza lini uwakili. Kamati ya maadili, ambayo binti aliisifu darasani mpaka wenzake wakambandika jina la Bibi Kamati, ilikuwa imefunga mlango. Wajumbe walikwenda kwenye semina ya kuheshimu washiriki.

Binti alishikwa na hasira. Wakarudi kwa mratibu. Binti akavuta kiti, akamkalisha mama, naye akasimama pembeni yake, akasema hawaondoki. Mratibu aligeuzageuza kalamu, akaguna, mwisho akasaini fomu ya kujitoa.

Maabarani, fundi alifungua jokofu, akatafuta namba, akamwonyesha mama kichupa chake. Kisha akakitupa kwenye ndoo ya taka za kuchomwa. Mama alishusha pumzi kama aliyetua mzigo.

Hapo simu ya binti ikaita. Habari zilikuwa zimemfikia msimamizi.

"Mshike hapohapo umhoji," alisema. "Dakika chache tu."

"Nilimwahidi sitamuuliza, mwalimu."

"Nani alikutuma kuahidi? Haya, utahitimu na wadogo zako."

Simu ikakatwa. Binti alibaki ameishika sikioni, akiwaza atamwambia nini baba yake, ambaye alishaanza kuwatangazia majirani siku ya mahafali.

Akamsindikiza mama hadi getini. Mama alisimama, akamkagua usoni.

"Umehangaika na mimi kutwa nzima, mwanangu. Kwani wewe hutaki kujua?"

Swali lilimjaa mdomoni. Alikuwa na kinasa sauti mkobani, kimechajiwa.

"Nataka, mama, tena sana," alisema. "Lakini nilikuahidi. Fika salama."

Mama alimshika bega, akalibinya kidogo, akavuka barabara. Binti alimtazama mpaka akapotelea kwenye umati, kisha akageuka kwenda kumweleza msimamizi kwamba sura ya nne bado ni tupu.