Soksi Namba Tano

Saa nne asubuhi chupa saba zilisimama mezani ghalani, kila moja imevalishwa soksi ya mpira wa miguu mpaka shingoni. Hapa Bonde la Clare, kwenye mashamba yetu ya mizabibu, mvinyo mweupe mpya ukitoka, tunauonja hivyo: sita za majirani, moja ya kwetu, bila kujua ipi ni ya nani. Mume wa bosi wangu Dulcie ndiye aliyezivisha, kisha akafukuzwa nje asije akakonyeza mtu.

Hiyo moja ya kwetu niliitengeneza mimi. Ni mvinyo wangu wa kwanza tangu nimalize chuo, wa zabibu za kilima cha mawe cha mzee Slattery. Dulcie alishatamka: ikiingia katika tatu bora zake, itapata lebo yenye jina la kilima. Isipoingia, tangi zima linamiminwa kwenye mchanganyiko wa bei poa. Slattery ameipogoa mizabibu ile miaka arobaini na hajawahi kuona jina lake kwenye chupa. Nilikuwa nimemwahidi. Tangu alfajiri nilikuwa nikicheka ovyo kama mtu anayetekenywa.

"Mnatema kwenye ndoo, tusilewe kabla ya namba saba," Dulcie akatukumbusha. "Anayemeza, nje."

"Msikilize huyo," Slattery akaninong'oneza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Hata kwenye harusi yake alitema."

Namba mbili iliponifikia puani, nikajua ni yangu. Ndimu! Maua! "Hii hapa!" nikapiga kelele. "Hii ina roho, jamani, hii imetengenezwa kwa upendo!"

"Tulia, Immy, utamwaga," Dulcie akasema.

Namba tano ikanikunja uso. Nilishampata mwanangu, kwa hiyo sikuwa na huruma na wa watu. "Kali kama shangazi aliyenyimwa chai," nikasema, nikampa alama za mwisho kabisa.

Dulcie, aliyekuwa amezimaliza nyingine zote, akaionja namba tano. Akaizungusha mdomoni, akaifuata ndoo, akainama. Akabaki ameinama. Kisha akainuka taratibu, akatazama mlangoni, kilimani kwenye jua.

"Dulcie," Slattery akaita. "Umemeza."

"Sijameza."

"Ndoo haijalia. Fungua mdomo."

Akafungua, mama mzima wa miaka sitini na mmoja, kama yuko kwa daktari wa meno. Mdomo mtupu! Slattery akapiga meza kwa kofi, chupa zikacheza.

"Haya, nimemeza! Ndiyo bora kuliko zote, na sitaki maneno. Immy, ivue."

Nikaivuta soksi. Mwandiko ulikuwa wangu mwenyewe: Kilima cha Slattery.

Nilipiga yowe. Slattery akanikamata, tukazunguka ghala zima tukigonga mapipa, yeye analia, mimi nacheka, halafu tukabadilishana.

"Na namba mbili yenye roho?" nikauliza nikihema.

Dulcie akaivua. Ilikuwa ya jirani tunayemsema kila Jumapili. "Nitampelekea salamu zako za upendo," akasema. Kisha akachukua kalamu. "Lebo mbele ni jina la kilima. Nyuma nitaandika maneno yako."

"Yapi? Dulcie, usithubutu!"

Alithubutu. Chupa zote zimetoka na shangazi wangu mgongoni, na wateja wanakuja wakimwulizia. Slattery huwaambia yuko ndani, hajapewa chai bado.