Mwanga wa Kutupa

Yowe lilipopigwa, Calist alikuwa amepiga goti juu ya Jabali la Fisi, simu mkononi, akihangaika kupiga picha ya mwanga bila picha kutoka nyeupe tupu. Jua lilikuwa limezama, ila upande wa magharibi wekundu ulikuwa haujaisha. Sauti ilikuwa ya mwanamke. Ilipanda, ikakatika, ikapanda tena, na kabla haijashuka mwanamume mmoja akaidaka kule visimani, mwingine akaipokea kwenye mashamba ya uwele. Huko kwao, jirani na Mungaa, mtu hapigi yowe kwa sababu ameona panya. Likishapigwa, kila mwanamume mwenye miguu anatoka na chochote kilicho karibu na mkono wake, na asiyetoka, kesho yake ataulizwa alikuwa wapi.

Calist akatazama bondeni. Nyumba ya Mama Raheli ilikuwa pale chini, kati ya majabali mawili, na katikati ya zizi lake tupu kulikuwa na duara jeupe la mwanga, limetulia kama sahani mezani. Mwanga ule ulitoka kwenye jabali la ng'ambo. Aliyeushika alikuwa rafiki yake Chrispin, fundi baiskeli, na aliyempa ishara aushushe alikuwa Calist mwenyewe.

Hapa lazima tuueleze ugonjwa wa watu hawa wawili, maana bila kuujua utadhani walikuwa wezi, kama kijiji kizima kilivyodhani.

Wapo wanaokusanya ng'ombe, wapo wanaokusanya maneno ya majirani. Calist na Chrispin walikusanya tochi. Walikuwa nazo za bati za betri kubwa zilizorithiwa kwa wajomba, za kalamu, za kuchaji, za kichwani kama wanazovaa wachimbaji, na moja ya plastiki iliyokuwa haiwaki kabisa lakini Calist alikataa katakata kuitupa. Za kwake alizitunza ndani ya debe la mafuta ya alizeti, zimefungwa vitambaa, na mkewe Emiliana alishasema kwamba mtoto wao Eliana hakuwahi kufunikwa vizuri namna ile. Kazi yao kubwa ilikuwa kuzilinganisha. Calist alipenda mwanga wa kumwaga, ule unaojaa uani kote ukaona kuku, ukaona kinu, ukaona na nyoka. Chrispin alisema nyoka wa uani anaonekana hata kwa kibatari. Tochi ya kweli ni ya mwanga wa kutupa, mwembamba, unaokwenda mbali. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na hawa wawili waliivuta ngoma hiyo miaka nenda miaka rudi.

Sasa Chrispin alikuwa amepata tochi mpya, nene kama mchi, akaapa kwamba kutoka jabali lake itammulika mtu aliyesimama Jabali la Fisi mpaka vifungo vya shati. Calist alicheka. Wakakubaliana kujaribu giza likianza tu. Kwa kuwa simu ya Chrispin ndiyo yenye kamera nzuri, alimwachia Calist apige picha za ushahidi. Wakapanda, kila mmoja kwake, kwa kujificha kama kawaida yao, kwa sababu watu wazima wakionekana wakimulikana kwenye mawe kama watoto wa chekechea, kijiji kingewacheka mpaka mavuno yajayo. Walianza na tochi ndogo ndogo, kama watu wanaopasha misuli. Mwanga mmoja ukapita juu mno. Calist akazungusha tochi yake duara, yaani shusha. Chrispin akashusha. Akashusha mno.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mama Raheli alikuwa mjane, na maksai wake wawili wa kulimia walikuwa wameibwa kiangazi kile kile. Baada ya wizi alikuja kwenye kikao cha sungusungu, walinzi wa kijiji, akasema anaona mianga kwenye majabali jioni jioni. Wazee walimtazama Calist, kwa kuwa yeye ndiye mlinzi anayekaa upande ule. Calist alisikia joto masikioni. Angesema nini? Akamjibu kwa upole kwamba hivyo ni vimulimuli, Mama, mwaka huu vimekuwa vingi. Watu wakaridhika. Mama Raheli alikaa chini akajifunga upya kitenge chake.

Ndiyo maana Calist alipoitambua sauti ile ya yowe kuwa ya Mama Raheli, hakungoja. Alizima tochi yake. Bondeni taa zilishaanza kutoka majumbani, moja moja, kisha kwa makundi, zikafuatana kuelekea jabali la Chrispin. Walikuwa wengi. Filimbi ya Mzee Benjamin, kamanda wa sungusungu, ililia mara moja, ndefu, nayo maana yake ilijulikana na kila mtu: zungukeni, asitoke.

Alitaka kumpigia Chrispin. Akatoa simu yake, akabonyeza jina, na simu ya Chrispin ikaanza kuita kwenye mkono wake wa kushoto. Calist aliitazama ikitetemeka pale, karibu alie. Kisha simu yake mwenyewe ikaita. Alikuwa Emiliana.

"Uko wapi wewe?" mkewe alinong'ona.

"Juu ya jabali. Mama Eliana, kimbia ukawaambie yule ni Chrispin, wasi..."

"Nimwambie nani? Wote wameshapita! Mzee Benjamin kapita hapa na rungu anakuulizia, nimemwambia umetangulia."

"Umemwambia nimetangulia?"

"Ulitaka niseme uko kwenye mawe unachezea tochi? Baba Eliana, nakuomba. Shuka njia ya nyuma, jichanganye nao, nani atajua? Ukawaambie huko huko ukifika."

Calist alipima bonde kwa macho. Njia ya nyuma ilizunguka shamba lote la alizeti. Taa za mbele zilikuwa tayari zimefika kwenye mawe ya chini ya jabali la Chrispin. "Sitawahi," alisema.

"Basi usiwashe! Unanisikia? Wameshika mawe. Wakiona na wewe unamulika watasema mko wawili. Usiwashe!"

Akakata simu, akatazama ng'ambo. Jambo aliloliona kule lilimtisha kuliko mawe.

Chrispin alikuwa anafurahi. Hakukuwa na namna nyingine ya kulieleza. Mtu aliyeishi miaka yote akificha mapenzi yake ya tochi alikuwa ameona tochi za kijiji kizima zikimjia kwa safu, na akili yake ya tochi ikamwambia kwamba hatimaye Calist amewaita watu waje kutazama. Yowe kulisikia alilisikia, lakini furaha ikimshika mtu husikia vigelegele. Akaanza kuwaonyesha. Calist alizijua tochi zile hata kwa mbali, kwa rangi zake: sasa ile ya bati yenye mwanga wa njano, sasa ya kichwani, ya bluu kidogo, sasa ya kuchaji, akiipepesa kwa madaha ili walio chini waione vizuri. Kwao waliokuwa chini, huyo alikuwa mwizi asiye na hata haya, anayewaita wenzake mbele ya macho yao. Kelele zilipanda.

Calist alifikiria kumpa ishara. Walikuwa na ishara ya kushusha, ya kupandisha na ya kubadili tochi. Ya kukimbia hawakuwa nayo, nani angeiwaza? Na mchezo wao ulikuwa na sheria moja kubwa, ukimulikwa unajibu. Chochote ambacho angemmulikia, Chrispin angekijibu kwa tochi kali zaidi, na kuzidi kujiweka wazi.

Akayakumbuka maneno ya mkewe: usiwashe. Yalikuwa maneno ya mtu anayempenda, na yalikuwa na akili. Angeweza kushuka, akafika wakati kila kitu kimekwisha, akasimama nyuma ya wenzake, akashika kichwa na kusema jamani, kumbe ni Chrispin. Nani angejua? Aliogopa sana, na hakuna haja ya kumpamba. Miguu yake ilishapiga hatua kuelekea njia ya nyuma.

Kisha akarudi. Aliweka tochi yake ya kumwaga juu ya mwamba, kioo chake kikitazama juu, akaiwasha, akasimama mbele yake. Akavua kofia. Akapaza sauti mpaka koo likauma: "Ni mimi! Calist! Njooni huku! Ni mimi!"

Upepo uliyala yale maneno, lakini mwanga waliuona. "Mwingine yule!" mtu alipiga kelele bondeni. "Wako wawili!" Kundi la nyuma, lililokuwa bado upande wa Jabali la Fisi, likageuka, taa zikaanza kukimbia kumjia yeye, na jiwe la kwanza likagonga mwamba chini ya miguu yake. Mwanga wa kumwaga una kasoro yake, na Chrispin alikuwa akimwambia siku zote: unaonyesha kwamba pana mtu, hauonyeshi ni nani. Kwa waliokuwa chini yeye alikuwa kivuli tu kinachorusha mikono. Jiwe la pili lilipita sikioni kwake. Calist aliinua mikono, akakataa kujikunja, kwa sababu mtu anayejikunja ni mwizi.

Ndipo ng'ambo Chrispin, mtiifu wa sheria ya mchezo, akajibu. Aliwasha ule mchi wake mpya.

Mwanga ulivuka bonde zima ukampiga Calist kifuani. Alipofuka. Alipoinamisha macho aliona shati lake, aliona vifungo, aliona kile kimoja cheusi ambacho Emiliana alikishona badala ya cheupe kilichopotea. Hakuona kingine duniani. Akasimama pale pale, mikono juu, machozi yakimtoka kwa ukali wa mwanga na kwa woga pia, akihesabiwa na kijiji kizima kuanzia kichwani hadi viatuni.

Mawe yalinyamaza. Kisha sauti ya mtu mzima ikauliza, kwa mashaka, "Yule si Calist?"

"Ni Calist! Baba Eliana yule!"

"Sasa anafanya nini kule?"

Calist alifungua mdomo ajibu, na mwanga ukaruka kutoka kifuani kwake. Ulikwenda mbinguni, ukazunguka, ukaanza kubingirika kwenye mwamba wa ng'ambo, ukimulika nyasi, mguu wa mtu, rungu, nyasi tena. Ukakwama. Filimbi ya Mzee Benjamin ikalia kwa vipande vifupi vifupi, bila kukoma, maana yake acheni, acheni, acheni.

Namna Calist alivyoshuka jabali lile na kuvuka bonde hakuijua hata mwenyewe. Aliwakuta wamewasha taa zao wakitazama chini kwa aibu. Chrispin alikuwa ameketi kwenye nyasi, kamba ya ng'ombe imelegea mabegani, mkono wa kulia ameukumbatia kama mtoto mchanga. Ulikuwa umevunjika, hilo lilionekana. Alipomwona rafiki yake aliinua uso uliolowa jasho.

"Ilifika?" aliuliza.

"Ilifika."

"Mpaka vifungo?"

"Mpaka vifungo."

Chrispin alitikisa kichwa kwa kuridhika, akafumba macho kwa maumivu. Hakuna aliyecheka. Vijana walimbeba kwenye pikipiki, mmoja mbele na mmoja akimshikilia nyuma, wakampeleka zahanati.

Hapo ndipo Calist alipolazimika kueleza, na alieleza yote, hata vimulimuli. Mzee Benjamin alimsikiliza akigonga rungu taratibu kwenye kiganja. "Mila inajulikana," alisema. "Aliyesababisha yowe la bure anatoa mbuzi, waliokimbia wanakula. Wewe utatoa mbuzi, na mwenzako akipona naye atatoa wake."

Watu walianza kupumua. Mbuzi ni jambo linalokwisha. Lakini wakati huo Mama Raheli alifika, ameshika mpini wa jembe usio na jembe, na wakampisha.

"Shikamoo, Mama," Calist alisema, akiinama.

Mama Raheli hakuitikia. Katika maisha yake Calist hakuwahi kutoa shikamoo ikaanguka chini namna ile.

"Mimi sili mbuzi wa mtu," mama yule alisema, bila kupandisha sauti. "Tangu ng'ombe wangu waibwe nakaa nyuma ya mlango na huu mpini. Taa zikiwaka juu, nasema wanakuja. Zikizimika, nasema wako karibu. Kukipambazuka ndiyo nafumba macho, na shamba linaningoja. Mimi nataka kulala, Benjamin. Huyu aje akae nje ya mlango wangu, nilale."

"Nitakuja, Mama," Calist alisema upesi. "Nitakuja na tochi nzuri, nitamulika zizi lote na..."

"Bila tochi."

Usiku huo huo Calist alikaa kwenye kizingiti cha Mama Raheli, mpini wa jembe magotini, mgongo kwenye mlango. Watu walikuwa wameondoka na taa zao. Alizoea kutafuta giza ili alitoboe. Kukaa ndani yake tu hakujua kunafanywaje. Kitu kilikanyaga mabua ya mtama nyuma ya zizi, kikasimama. Mkono wake ulikwenda mfukoni wenyewe, ukakuta patupu. Kikakanyaga tena, karibu zaidi. Labda alikuwa fisi, labda mbwa wa jirani, labda wale wenyewe waliochukua maksai. Hapakuwa na njia ya kujua. Akaushika mpini kwa mikono yote miwili, akabana pumzi, na hapo akaelewa mama huyu alikuwa ameishi vipi siku zote zile, na nani alikuwa amemfanya aishi hivyo. Alitamani kugonga mlango amwombe msamaha pale pale.

Hakugonga. Ndani, nyuma tu ya mgongo wake, Mama Raheli alikuwa ameanza kukoroma.