Bugobogobo ya Mwezi Ujao

Kila nikienda kwa Mzee Masele pale Kharumwa kumpa dawa ya maumivu, namtania kwamba mwezi ujao tutacheza bugobogobo, ngoma ya majembe, yeye na jembe lake, mimi na kitambi changu. Anacheka mpaka kicheko kinasikika barabarani. Kansa imeshasambaa, lakini mkewe aliniomba nisimwambie.

Leo nimekuta hata uji haupiti. Mkewe akaninong'oneza mlangoni, "Daktari, amekataa nimpigie mwanetu Abel. Anasema akipona atakwenda mwenyewe Songwa wakapatane. Si umemwambia mwezi ujao?"

Mzee na mwanawe hawajasemezana tangu wagombane kwa ajili ya ng'ombe wa mahari. Nilikuwa nalijua hilo, na bado nilitania.

Nikakaa kitandani kwake. "Shikamoo, Baba Abel."

"Marahaba. Mbona umekuja bila jembe?" Sauti ilikuwa imebaki kidogo sana.

"Hatutacheza, mzee. Ugonjwa huu hauponi. Nilikudanganya."

Akaniangalia. "Mimi kila siku nakunja miguu humu kitandani, nafanya mazoezi." Kisha akasema, "Mpigie."

Nikamwekea simu sikioni. Akanong'ona, "Abel, mwanangu, njoo tuyamalize."

"Haloo? Nani? Sikusikii," Abel akajibu.

Mzee akarudia, na Abel hakusikia tena. Ikabidi niichukue simu, nimwambie mimi maneno ya baba yake. Wiki iliyopita angeyasema mwenyewe. Wiki iliyopita sauti ilikuwepo, na mimi nilimchekesha tu.