Nyota Tano za Silvesta

Rodney alitaka tumpe Silvesta pesa. Mimi nilikataa, na nilikuwa na sababu. Kila ujumbe tunaopata kutoka kampuni yao ya posta huishia na onyo: usimpe mfanyakazi wetu pesa wala zawadi. Mlangoni mwa jengo letu hapa Al Mansoura, huku Uarabuni, kuna kamera. Silvesta ni Mganda, na viza yake ni ya kampuni. Akipoteza kazi, anarudi kwao.

"Ni bakshishi ya Krismasi tu," mume wangu alisema. "Mwaka mzima anatuletea mizigo na hajapoteza hata bahasha."

"Basi mpe wewe. Simama pale chini ya kamera umpe."

Akarudi kwenye mpira wake.

Nikafanya nilichoona ni salama. Nilifungua app yao, nikabonyeza nyota zote tano, nikaandika sifa. Sipendi sifa za juujuu, kwa hiyo nilieleza: mimi ni nesi, simu yangu hukaa kabatini wakati wa zamu, na Silvesta hajawahi kurudisha kifurushi changu stoo hata siku moja. Hunitilia saini yeye mwenyewe, humwachia mlinzi wetu Wesley, nami nakikuta jioni. Nikaomba wamkumbuke mwisho wa mwaka. Nikatuma, nikaenda kukanda unga wa chapati nikiwa na furaha zangu.

Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, msimamizi wake alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya upole mno.

"Madam, asante kwa maoni yako. Umesema mfanyakazi wetu hukutilia saini?"

Niliweka kijiko chini.

"Mimi ndiye niliyemwambia afanye hivyo."

"Kwa maandishi?"

"Kwa mdomo."

"Na kitambulisho chako huwa anakiona?"

"Atakionaje na mimi niko kazini?"

Nilisikia vidole vyake vikigonga kompyuta. "Asante, madam. Sikukuu njema."

Mchana huo nilimpima mgonjwa mmoja presha mara mbili, maana mara ya kwanza niliisoma nikasahau papo hapo. Nilipotoka nilimpigia Silvesta. Simu imezimwa. Nikapiga tena ndani ya basi, nikapiga tena nje ya jengo.

"Leo kaja mwingine," Wesley aliniambia. "Hata lifti hajui iko wapi. Silvesta ameitwa ofisini. Lakini mama Kendi, mbona unamtafuta hivyo? Kwani amekuibia?"

"Nyamaza, Wesley."

Nilipomweleza Rodney, nilitaka anicheke. Hakucheka. "Si bora ungempa tu hizo pesa," alisema, kisha akazima televisheni. Rodney hazimi televisheni ovyo.

Asubuhi nilipitia ofisini kwao kabla ya zamu. Msimamizi alikuwa kijana, meza yake haina hata kalamu.

"Kitu kikipotea, madam, wewe huyo huyo utakuja kuniambia hukusaini."

"Hakijapotea kitu. Vyote nimevipata. Kitambulisho changu hiki hapa, andika hivyo nami nisaini mbele yako. Aliyemwomba ni mimi. Kama kuna wa kuadhibiwa, nifungieni mimi huduma."

"Uamuzi si wangu."

"Ni wa nani? Nipeleke kwake."

"Hapokei wateja."

Alichukua maelezo yangu, nikasaini, nikaondoka bila jibu. Nikaanza kuingia wodini na simu mfukoni mwa sare, kinyume cha sheria zetu. Kila ilipotikisika niliitoa haraka. Mara ni duka linatangaza ofa, mara ni Kendi, binti yangu, anauliza gauni lake la Krismasi limefika wapi. Dada yangu alikuwa amelishona Nairobi na kulituma.

Mkesha wa Krismasi ikatikisika tena. Nilikimbilia chooni nikapokea.

"Mama Kendi."

"Silvesta! Umerudi kazini?"

"Nimerudi. Wamenipa onyo la mwisho. Mama, lakini ulinisifu sana wewe!"

"Nisamehe."

"Yameisha. Ila mtu mwingine akinipenda hivyo, mimi napanda ndege." Alicheka. Mimi sikuweza. "Niko hapa chini kwenu. Nina kifurushi chako cha kutoka Nairobi. Laini laini, kama nguo."

Zamu yangu ilikuwa inaisha saa ambayo stoo yao imeshafungwa. Rodney alikuwa kazini mjini Lusail, na hata angekuwepo, jina lililoandikwa ni langu. Kwenye simu nilimsikia Wesley akimsalimia mtu na mlango wa lifti ukifunguka.

"Wesley yuko hapa," Silvesta alisema, sauti imeshuka. "Mama, ni Krismasi. Nimwachie?"

Nilijua nikisema ndiyo tu, atamwachia.

"Rudisha stoo."

"Mtoto je?"

"Mtoto ana magauni mengine. Weka kwenye mashine kwamba hukunikuta, halafu rudisha. Nitakuja kukichukua mwenyewe wakifungua."

Nilisikia akikigeuza kifurushi. Kisha mashine yake ikalia, ule mlio mfupi inaoutoa anapoingiza taarifa.

"Basi, mama. Nimeweka. Sikukuu njema."

"Na kwako. Endesha polepole."

Nilisubiri hadi niliposikia mlango wa gari lake ukifungwa. Kisha nikaenda kuirudisha simu kabatini, nikiwaza nitamwambia Kendi nini.