Mlinzi wa Mama Mkwe

"Umeniua! Kwa mkono wako mwenyewe! Mimi niliyekuwa nakulinda!"

"Usinipigie kelele mlangoni kwangu. Umekaa kama muasi, umecheka kama muasi, nami nimekupiga kama muasi."

"Kumbe kucheka ni kosa?"

"Kucheka kwako ndiko kosa."

Fundi Bomba alibamiza karata yake juu ya trei. Imeandikwa MLINZI, kila mwenye macho aione. Watoto waliokuwa wakikimbizana koridoni walisimama. Mwenye kufua aliacha kufua, na mlango wa mwisho, ule unaofunguka kukiwa na ugomvi tu, ukafunguka.

Hakuna aliyekufa kweli. Ni mchezo wa Chifu na Waasi, ambao wapangaji wa ghorofa ile walikuwa wakiucheza kila Jumapili mchana, mkekani, trei juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kila mtu hugawiwa karata ya cheo. Chifu peke yake huionyesha yake. Wengine huzificha, walinzi na waasi wakae wakitabasamiana. Waasi wakimwangusha Chifu, wameshinda. Waasi wakiisha, Chifu ameshinda pamoja na walinzi wake, hata waliokufa. Uhai ni vizibo vya soda. Na Chifu akimuua mlinzi wake mwenyewe, sheria ni moja: karata zote za mkononi anazitupa.

Siku hiyo Chifu alikuwa Mkunga. Alishastaafu kuzalisha, lakini nusu ya korido ile ilipita mikononi mwake, na aliiongoza kama wodi. Kosa lake lilijulikana: hakumwamini mtu. Kila akipata uchifu, wa kwanza kuzikwa ni mlinzi wake.

Sasa alitupa karata zake huku akinuna. Kizibo kimoja kilibaki mbele yake. Muasi wa kwanza, Dereva wa lori, alishakufa kitambo, yuko ngazini anakata kucha. Wamebaki wawili wa kucheza na Mkunga, mmoja mlinzi na mmoja muasi: Mwalimu wa chekechea, na Redio.

Redio ni msusi, mke wa mwana wa Mkunga. Jina alilipata saluni, maana habari ikiingia pale asubuhi, jioni imeshafika sokoni na kurudi ikiwa imenenepa. Hakulionea haya. "Redio ikizimwa," alikuwa akisema, "nyumba inalala na giza la masikio."

Na yeye ndiye aliyekuwa mlinzi. Tatizo ni kwamba wiki ile Mkunga asingemwamini hata angesema maji yanalowesha.

Mtu alikuwa amempelekea mama mkwe umbea: eti Redio amesema saluni kwamba bibi yule ni mzigo, anakula na kulalamika. Redio hakusema. Alishasema mengi pale, ya ndoa za watu na wigi za watu, lakini hilo hapana. Ila Redio akikana, nani anasikiliza? Mkunga hakuuliza. Alimpigia simu binti yake, wifi yake Redio, na wifi akafurahi: "Njoo kwangu mama, wakusumbue nini hao." Wifi alitaka jibu jioni ya Jumapili hiyo. Mkunga akiondoka, mlango wake wa jirani utafungwa, mjukuu atakosa mgongo wa bibi, na Redio atakosa mtu pekee koridoni anayemzidi maneno. Hakutaka aondoke. Kumwomba kwa mdomo alijua hakufai. Basi atamlinda, aone mwenyewe.

Zamu ilikuwa ya Mwalimu. Ana sauti ya kulazia watoto mchana, na kizibo kimoja tu, kwa sababu marehemu Fundi Bomba alimpiga kabla hajazikwa.

"Pole sana, mama yetu," alisema. "Makosa hutokea. Mimi nipo. Na huyu adui yako, naanza naye." Akamtupia Redio karata ya Mshale.

Redio alikuwa na Ngao ya kuuzuia mkononi, nayo mlinzi anaweza pia kuiweka kwa ajili ya Chifu. Aliitazama, akaiacha palepale, akasukuma kizibo chake kimoja katikati ya trei. Akabaki na kimoja.

"Huna hata Ngao?" Mwalimu akamcheka. "Redio imeisha betri."

"Cheka, mwanangu. Meno ni yako."

Fundi Bomba, aliyekuwa akizunguka mkeka akitafuta wa kumlilia, alipita nyuma ya Redio na kuchungulia karata zake. Akapaliwa na mate. Akafungua mdomo.

"Marehemu hasemi!" korido nzima ikamkemea. Akajiziba kwa kofia yake, macho yamemtoka.

Redio aliokota karata mbili: Dawa na Mshale. Angejitibu. Badala yake aliiweka Dawa mbele ya mama mkwe, kwa mikono miwili.

"Mama, chukua."

"Ya nini?"

"Uongeze kizibo."

"Sitaki dawa yako. Nitajuaje umechanganya nini?"

Waliokaa ukutani wakaguna. Dawa ikikataliwa imeungua. Ikaenda kwenye lundo la zilizokufa. Jambo hilo lilimchoma Redio, lakini hakuinamisha uso. Aliutoa ule Mshale na kumpiga Mwalimu. Mwalimu akaweka Ngao haraka, kama mtu anayefunika sufuria.

"Mnaona?" Mkunga akawageukia watazamaji. "Anampiga mlinzi wangu mchana kweupe!"

Redio alitabasamu. Alichokuwa akikitafuta alikipata. Kwa jinsi Mwalimu alivyoitoa Ngao ile bila kuchagua, ndiyo aliyokuwa nayo, hana nyingine.

Mkunga aliokota zake mbili. Jicho likamcheza. Akachomoa Mshale, akaupeleka kwa Mwalimu, akaurudisha, akauning'iniza juu ya kizibo cha mwisho cha mke wa mwanawe. Mwalimu alitikisa kichwa polepole, kama anayemwonea huruma.

"Mama," Redio akasema, "mlinzi wa kwanza umemzika kwa kucheka. Mimi utanizika kwa lipi?"

"Kwa mdomo wako." Na Mshale ukatua.

Hapo Redio aliweka Ngao. Aliiweka taratibu, bila hasira. Angekufa kwa mkono ule, Mkunga angetupa karata tena na Mwalimu angemmaliza bila jasho.

"Kumbe ulikuwa nayo!" Mwalimu akashangilia. Alikuwa amesubiri hilo tu. Ngao imetoka, Chifu yuko uchi. Aliokota karata zake, na ile sauti ya chekechea ikamwishia ghafla. "Mama Chifu, lala salama." Akautupa Mshale mbele ya Mkunga.

Mkunga aliutazama, kisha akamtazama aliyeutupa. Hakuwa na Ngao.

"Nakinga kifua," Redio akasema.

Sheria hiyo wengi walishaisahau, kwa kuwa hakuna aliyependa kuitumia. Mlinzi anaweza kufunua cheo chake na kupokea mwilini mwake mshale uliomlenga Chifu. Redio aligeuza karata yake. MLINZI. Akasukuma kizibo chake cha mwisho katikati, akajinyoosha mkekani, mikono kifuani.

"Nizikeni vizuri," alisema. "Nywele msiziguse."

Fundi Bomba aliitupa kofia juu. "Nilijua! Nilikuwa najua na nimenyamaza! Nani mwingine angeweza?"

Mkunga hakucheka. Zamu ilirudi kwake, na Mshale mwingine alikuwa nao mkononi. Aliuweka mbele ya Mwalimu, na Mwalimu, kwa kukosa Ngao, akatoa kizibo chake mwenyewe akaondoka kunywa maji. Watu walipiga makofi, mwenye kufua akapiga beseni.

Mama mkwe aliinama juu ya maiti.

"Mwalimu alipokupiga, Ngao ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Hukuitumia."

"Nilikuwekea wewe, mama."

"Halafu nikaja kukumalizia mimi."

"Ndiyo. Kumbe nilipaswa kukulinda na wewe mwenyewe."

Mkunga aliinama zaidi. Kisha, kwa sauti ya chini ambayo korido nzima iliisikia: "Yale maneno ya saluni. Uliyasema?"

"Sikuyasema."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeiamini redio?"

Bibi aliguna, kicheko kilimtoka puani kabla hajakizuia. Simu yake ililia mfukoni. Akaitoa, akaiweka sikioni.

"Ndiyo, mwanangu... Hapana. Siji... Hakuna kilichotokea. Nina mtu wa kunilinda huku." Akakata. Akajishika kiuno, akanyanyuka, akamsukuma Redio ubavuni kwa kidole cha mguu.

"Na wewe amka, maiti gani inatabasamu hivyo. Mwite mume wako, mlete na mtoto. Hata huyu Fundi nimkaribishe, nina damu yake mikononi. Ingieni ndani tule."