Sekunde Nane Nyuma

Clive Hebden alianza kukasirika mwezi wa Novemba, na Februari ilipoingia hasira ilikuwa bado haijamtoka. Kwanza aliikasirikia hospitali ya serikali, iliyomwambia mkewe Maxine kwamba nyonga yake mbovu itabadilishwa, bila shaka, ila asubiri miezi kumi na minane. Mtu ambaye hata ngazi za kwenda kulala alizipanda kwa makalio, kidato kimoja kimoja, huku akiuma meno. Halafu aliikasirikia hospitali ya kulipia, iliyokuwa tayari kumpasua tarehe tisa Machi bila foleni yoyote, kwa pauni elfu kumi na nne.

Walikuwa nazo elfu tisa, zikiwemo fedha walizopata kwa kuuza pete za marehemu mama yake Maxine. Tarehe ikawekwa. Zilizopungua, Clive akasema atazitafuta yeye. Alikuwa fundi wa boila huko Wakefield, mtu wa miaka hamsini na minne, aliyetengeneza maji moto ya nusu ya mji na asiyependa kumwomba mtu kitu.

"Zile elfu tisa usiziguse," alisema Maxine.

"Sizigusi," alisema Clive, na siku hiyo alikuwa anasema kweli.

Njia aliletewa na Russell, mdogo wake Maxine wa tumbo moja. Russell aliacha kuuza magari miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo gari lake mwenyewe lilikuwa likibadilika kila mwaka. Alikuja Jumapili moja, akala pai ya dada yake vipande viwili, kisha akafungua simu juu ya meza.

"Shemeji, hii si kamari," alisema. "Kamari ni ya walevi wanaochana mikeka. Hili ni soko. Hupambani na kampuni. Mtu anauza, mtu ananunua, na bei ya farasi inapanda na kushuka kama bei ya viazi. Wewe ni fundi, kichwa chako ni cha hesabu."

"Na huyo anayeniuzia ni nani?"

"Mtu tu. Mjinga mmoja huko aliko. Humjui, hakujui."

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kusimulia. Unakaa kwenye sofa, unatazama mbio za farasi za kuruka viunzi. Farasi wakifika kiunzi cha mwisho, ukimwona mmoja anaongoza na ana nguvu, unamnunua hapo hapo. Hatua hamsini mbele kila mtu atakuwa anamtaka, bei yake itakuwa imepanda, unauza, unachukua tofauti. Nani atashinda mbio si shauri lako, ila ukichelewa kuuza na farasi wako akashindwa, fedha yako inabaki kwa aliyekuuzia. Russell alikuwa na kundi la watu arobaini kwenye simu, waliomlipa pauni thelathini kila mwezi awafundishe hayo. Shemeji alifundishwa bure.

Wiki mbili za kwanza Clive alipata mia na ishirini. Akachota mia tano kutoka zile elfu tisa, kwa sababu mtaji ukiwa mdogo faida nayo ni ya kuchekesha. Akachota nyingine kuifuata ile iliyopotea. Mwezi wa Januari alikuwa anachota kama mtu anayezima moto.

Kilichomtia wazimu si kuliwa tu, bali namna ya kuliwa. Alipomtaka farasi ambaye kweli alikuwa anakwenda kushinda, hakuna aliyemuuzia. Ombi lake lilikaa pale kwenye kioo cha simu, halina mwenyewe, mpaka mbio zikaisha. Lakini alipomtaka yule ambaye baada ya kitambo kidogo angechoka na kupitwa, aliuziwa kabla hajainua kidole. Kila mara. Alianza kuamini kuna mtu anamchungulia dirishani.

Na hakuwa peke yake. Katika kundi kulikuwa na mjane mmoja wa Grimsby, Bi Beryl, aliyependa kutuma sauti kuliko kuandika.

"Wanangu, hivi ni mimi tu?" alisema siku moja, na nyuma yake birika lilisikika likichemka. "Farasi mzuri siuziwi. Nikitaka gofu la farasi naletewa mpaka mlangoni. Russell, mwanangu, niambie ninakosea wapi."

"Kidole kizito, Bi Beryl," Russell alijibu. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Fanyeni mazoezi."

Clive akafanya mazoezi. Mtu mzima, mwenye cheti cha gesi ukutani, alikaa jikoni akigonga meza kwa kidole ili apate wepesi. Akanunua na intaneti ya kasi zaidi, pauni kumi na nane zaidi kwa mwezi. Zile elfu tisa zikawa elfu nne. Maxine alipomuuliza mambo yanakwendaje, alisema yanakwenda, akaenda gereji kupanga spana ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa.

Alhamisi ya pili ya Februari, bosi wake alimtuma kwenye uwanja wa mbio za farasi nje ya mji. Boila ya jikoni ilikuwa imezima, na siku yenyewe ilikuwa ya mbio. Kufika saa saba na nusu mchana maji yalikuwa ya moto, na mpishi akampa pai kwa shukrani. Clive akatoka nayo hadi kwenye uzio wa uwanja. Mvua ilikuwa nyepesi, watu si wengi. Farasi walikuwa wamekwisha kuondoka, na yeye, badala ya kuwatazama, akafungua simu. Ndivyo alivyokuwa amezoea. Mbio kwake zilikuwa kitu cha kwenye kioo.

Kwenye kioo farasi jike wa kijivu aliyeitwa Bibi Mkali alikuwa anakikaribia kiunzi cha mwisho, mbele ya wenzake. Clive aliinua kidole. Wakati huo huo akasikia watu karibu naye wakipiga kelele, kelele za mwisho wa mbio, na akainua uso.

Yule wa kijivu alikuwa amekwisha kupita mstari. Alikuwa wa tatu. Mpandaji wake alikuwa amesimama kwenye vikuku vya tandiko, anampunguza mwendo, na matope yalimtapakaa mpaka masikioni.

Clive akatazama simu. Kwenye simu Bibi Mkali ndiyo kwanza alikuwa anaruka, na bado aliongoza. Juu yake, kwa herufi nyekundu, paliandikwa MOJA KWA MOJA. Akahesabu kwa sauti, moja, mbili, mpaka picha ya yule mnyama ikafika mstarini pale kwenye kioo. Sekunde nane. Na katika sekunde zote hizo, sokoni, kuna mtu aliendelea kumuuza Bibi Mkali. Alimuuza kwa yeyote aliyemtaka, kwa haraka na kwa ukarimu, farasi ambaye alikuwa amekwisha kushindwa.

Hakukuwa na mchawi dirishani. Kulikuwa na watu waliokuwa wanatazama kwa macho yao wenyewe, wakawauzia wanaotazama runinga. Clive aligeuka akalikodolea jukwaa. Ghorofa ya pili, nyuma ya kioo, kulikuwa na chumba cha kukodi. Wanaume saba walikaa kwa mstari, kila mmoja na laptopu yake, nyuso zote zimeelekea uwanjani. Wa tatu kutoka kushoto alivaa sweta ya kijani. Clive aliijua sweta ile. Aliifuma Maxine kwa ajili ya Krismasi, akiwa amekaa upande mmoja wa makalio kwa sababu upande wa pili haukukalika.

Aliitupa pai. Hakuna aliyemzuia njiani, maana mtu mwenye ovaroli na sanduku la spana hazuiwi popote.

Russell alimwona mlangoni, akatabasamu kwa mazoea. "Shemeji. Boila imekufa?"

"Ulisema unafanyia kazi nyumbani."

"Siku nyingine nafanyia nyumbani."

"Sekunde nane, Russell."

Mmoja wa wale wanaume alicheka bila kuondoa macho uwanjani. "Huyu ni wa sofa?"

"Punguza sauti, shemeji," alisema Russell. "Kila mtu sokoni anajua picha inachelewa. Ni kama kujua maji yanalowesha."

"Mimi sikujua. Beryl hajui. Unawafundisha watu kununua, halafu unapanda huku juu kuwauzia."

"Hamkuuliza."

"Nilikuuliza. Mezani kwangu, umeshiba pai. Nilikuuliza anayeniuzia ni nani, ukasema mjinga mmoja."

Russell aliangalia vidole vyake. "Sokoni hakuna majina. Huenda hata senti yako moja sijaigusa."

"Huenda."

"Sasa sikiliza. Kiti kile hakina mtu, mwenyewe ana mafua. Mbio zinazofuata ni baada ya dakika kumi. Kaa, tumia macho yako, rudisha chako. Unataka nyonga ya dada yangu, au unataka ugomvi?"

Hapa ningependa kusema kwamba Clive alimzaba kofi. Lingemstahili, na mkono wa fundi wa boila ni mzito. Hakumzaba. Alikaa. Tarehe tisa Machi ilikuwa imebaki wiki tatu na ushei, na yeye alikuwa na elfu nne kasoro. Kaeni ninyi mahali pake kwanza, ndipo mumseme.

Farasi walitoka. Kwenye kiunzi cha mwisho aliyeongoza aligonga mbao kwa miguu ya mbele, akayumba, na nguvu zikamwisha waziwazi, mtu yeyote angeona. Clive aliuza. Alishangaa jinsi walivyonunua. Walimnyang'anya kutoka mikononi, hapa kumi, pale hamsini, pale ishirini, watu wa sofa nchi nzima waliokuwa bado wanamwona yule farasi mzima na mbele. Mbio zilipokwisha alikuwa amepata pauni mia tatu na kumi. Alisikia raha mpaka kwenye nyayo, na raha ile ndiyo iliyomkasirisha kuliko yote.

Simu ikalia. Ilikuwa sauti ya Bi Beryl, kwenye kundi.

"Nimeliwa tena, wanangu. Hiyo ilikuwa ya gesi ya mwezi huu. Nadhani kweli ni kidole. Daktari alisema ni baridi yabisi."

Russell aliisikia pia. Alikuwa anakunywa kahawa, akaendelea kunywa.

Clive aliandika kwenye kundi: *Si vidole vyenu. Picha mnayoiona imechelewa sekunde nane. Russell yuko uwanjani sasa hivi, anaona kabla yenu, na anayewauzia ni yeye na wenzake. Nimekaa naye, na mimi nimewauzia. Acheni leo hii.* Akatuma. Dakika moja haikupita Russell akamfukuza kundini, lakini arobaini walikuwa wamekwisha kusoma.

"Umeniharibia kazi," alisema Russell, sasa amesimama, uso mwekundu. "Nilikupa kiti. Pumbavu wewe, nilikupa kiti."

"Kaa nacho," alisema Clive, akachukua sanduku lake.

Nyumbani alimkuta Maxine sebuleni, mto chini ya nyonga. Hakuvua hata koti. Alimwambia yote akiwa amesimama, kuanzia mia tano za kwanza, mazoezi ya kidole, chumba cha kioo, mpaka kile kiti.

"Zimebaki ngapi?"

"Elfu nne na mia mbili."

"Nilikwambia usiziguse."

"Uliniambia."

"Russell ni mwizi," alisema Maxine. Sauti yake ilikuwa ya chini, na Clive angependa ipande. "Ni mwizi tangu anavaa nepi, na nitamfuata mwenyewe hata kwa kutambaa. Lakini Russell hana namba ya siri ya akaunti yetu. Unayo wewe."

"Nilitaka upone haraka, Max. Nilikuwa nakusikia kwenye ngazi kila—"

"Usinitwike mimi. Ungetaka nipone ungeniambia siku ile ya mia tano. Ulitaka uwe mwanamume aliyezipata. Zile pete alizivaa mama yangu miaka arobaini, Clive. Nilizitoa mimi kidoleni mwake." Alipumua, akasogea kidogo kwenye mto, akakunja uso. "Na hizo mia tatu za leo umezichukua kwa nani?"

"Sijui. Hakuna majina."

"Basi ndivyo atakavyoniambia Russell."

Hasira aliyotembea nayo Clive tangu Novemba, ya hospitali, ya foleni, ya shemeji, aliitafuta sasa aikamate aiegemee, akakuta yote imemgeukia yeye.

"Piga simu hospitali," alisema Maxine. "Ofisi inafungwa saa kumi na moja. Wewe upige. Hapa, nisikie."

Alipiga. Alipokea msichana mwenye sauti ya uchangamfu. Clive alitaja jina la mkewe na tarehe tisa Machi, akasema wanaghairi.

"Pole sana, bwana. Lazima nijaze sababu," alisema msichana. "Mgonjwa amepata nafuu?"

"Hapana."

"Amepata nafasi kwingine?"

"Hapana."

"Amebadili mawazo labda?"

Clive alimtazama Maxine. Alikuwa anamtazama pia, mikono imekunjwa, na hakumsaidia.

"Hapana. Bado anaitaka," alisema.

"Basi niandike sababu gani, bwana?"

"Andika mumewe," alisema Clive.